Kocha, Mikono Niiweke Wapi?

Swali hilo niliulizwa na kijana wa miaka 13, beki wa kushoto, katikati ya zoezi la kuzuia krosi. Nilikuwa nimesimamisha mchezo baada ya kumwona akimfuata winga huku mikono yake ameikutanisha mgongoni kama mtu aliyetiwa pingu. Winga aligeuka mara moja tu, akampita. Nikamwambia hawezi kumkaba mtu ilhali amejifunga mwenyewe. Akanitazama, na kwa adabu kabisa akauliza: "Kocha, sasa mikono niiweke wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimrudisha kwenye nafasi yake, zoezi likaendelea, lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani. Hakuna mtu katika timu yetu aliyemfundisha kukimbia vile. Amejifunza kwa kuwatazama mabeki wakubwa kwenye televisheni, ambao siku hizi mpira ukikaribia eneo la hatari huificha mikono yao kana kwamba wameiba kitu.

Nimewanoa watoto wa umri huo kwa miaka kadhaa, mwishoni mwa wiki, kwa kujitolea. Kadiri ninavyoufuatilia mpira wa wakubwa, ndivyo ninavyoona mijadala miwili isiyoisha: mabilioni yanayomwagwa kuwasajili makinda, na sheria ya kunawa, yaani kosa la kuugusa mpira kwa mkono, inayoandikwa upya karibu kila msimu. Wachambuzi huizungumza kila mmoja peke yake. Mimi naona yote miwili inamwangukia mtu yule yule, kijana ambaye hakualikwa kwenye kikao cha fedha wala kikao cha sheria.

Chukua usiku wa tarehe 28 Novemba 2023, Parc des Princes, Paris. Newcastle United walikuwa wanaongoza 1-0 dhidi ya Paris Saint-Germain kwenye hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, kwa bao la Alexander Isak la kipindi cha kwanza. Dakika 90 zilikuwa zimekwisha, watu wanahesabu sekunde. Mpira ukapigwa kuelekea eneo la hatari, ukamgonga beki wa Newcastle, Tino Livramento, kifuani, ukadunda kutoka hapo hadi kwenye kiwiko chake. Alikuwa anakimbia, na mkono wake ulikuwa mahali ambapo mkono wa mtu anayekimbia huwa. Refa Szymon Marciniak akaitwa kwenye kioo cha VAR, ule mfumo wa video wa kuwasaidia waamuzi, pembeni ya uwanja, akarudi, akaonyesha penalti. Kylian Mbappé akafunga dakika ya 98. Matokeo yakawa 1-1, na wiki mbili baadaye Newcastle wakamaliza mkiani mwa kundi lao.

Livramento alikuwa na miaka 21. Alilelewa kwenye akademi ya Chelsea, akauzwa Southampton mwaka 2021, akaumia vibaya goti Aprili 2022, kisha Newcastle wakamnunua Agosti 2023 kwa pauni zaidi ya milioni 30. Miaka 21, na tayari alikuwa ameshauzwa mara mbili, ameshapona jeraha ambalo limewamaliza wachezaji wengi, na sasa jina lake lilikuwa linatajwa Ulaya nzima kwa sababu ya mpira uliotoka kifuani mwake mwenyewe. Kinachoniuma zaidi ni kwamba miezi michache kabla, jopo la makocha na wachezaji wa zamani linaloishauri UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, lilikuwa limependekeza jambo hilo hilo: mpira ukimgonga mchezaji mwilini kwanza kisha ukaenda mkononi, isihesabiwe kunawa. Pendekezo lilikuwepo, na penalti ikatolewa.

Zamani sheria hii ilibebwa na neno moja: makusudi. Ukiuchezea mpira mkono kwa makusudi, umekosa. Usipokusudia, mchezo unaendelea. Matukio makubwa ya kunawa ambayo kila mpenzi wa soka anayajua hayakutokana na utata wa neno hilo. Tarehe 22 Juni 1986, Diego Maradona alipoupiga mpira kwa ngumi dhidi ya England, refa Ali Bennaceur wa Tunisia hakuuona mkono. Novemba 2009, Thierry Henry wa Ufaransa alipouweka sawa mpira kwa mkono kabla ya kumpasia William Gallas, waamuzi nao hawakuona, na Jamhuri ya Ireland ikakosa nafasi ya kwenda Kombe la Dunia.

Na ile ya Luis Suárez wa Uruguay dhidi ya Ghana, tarehe 2 Julai 2010 pale Soccer City, Johannesburg, refa aliiona vizuri tu. Mpira wa kichwa wa Dominic Adiyiah ulikuwa unavuka mstari wa goli katika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza. Suárez akaudaka mpira kama kipa, akapewa kadi nyekundu, Ghana wakapewa penalti. Asamoah Gyan akagonga mtambaa wa panya. Uruguay wakashinda 4-2 kwa mikwaju ya penalti, na Afrika ikasubiri hadi Morocco mwaka 2022 ndipo ikaingia nusu fainali kwa mara ya kwanza. Nilivyolia siku ile sitasahau. Lakini hata katika uchungu wangu sikuwahi kusema sheria haieleweki. Suárez alikusudia, akaadhibiwa. Kama kuna la kulalamikia ni uzito wa adhabu.

Mambo yalianza kubadilika kwa kasi mwaka 2019. Chombo kinachoandika sheria za soka, IFAB, kipo tangu mwaka 1886. Vyama vinne vya Uingereza, yaani England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, vina kura moja kila kimoja, FIFA ina kura nne, na badiliko lolote linahitaji kura sita. Mwaka huo waliingiza maneno yaliyopima umbo la mwili: mchezaji amekosa ikiwa mkono umeufanya mwili wake uwe mkubwa isivyo kawaida. Mkono uliopanda juu ya bega ukawa kosa karibu moja kwa moja. Na bao lolote lililopitia mkono wa timu inayoshambulia likawa halali kufutwa, hata kama mkono ulikuwa haujui kinachoendelea. Msimu huo huo Ligi Kuu ya England ikaanza kutumia VAR.

Fikiria vitu hivyo viwili vikikutana. Sheria inauliza mkono ulikuwa wapi, na mashine ina uwezo wa kusimamisha picha na kuonyesha mkono ulikuwa wapi. Ukimtazama mtu kwa mwendo wa kobe, kila kiungo chake kinaonekana kama kimepanga kufika kilipofika.

Mwaka uliofuata wakaweka mpaka wa mkono: unaanzia usawa wa chini ya kwapa. Hilo lilisaidia. Lakini Septemba 2020 Eric Dier wa Tottenham aliruka akiwa ameupa mpira mgongo, Andy Carroll wa Newcastle akaupiga kichwa kutoka nyuma yake karibu kabisa, ukamgonga mkononi, na penalti ikatolewa dakika za nyongeza. Mtu hawezi kukwepa asichokiona. Malalamiko yakawa makubwa kiasi kwamba waamuzi wa ligi ile wakaelekezwa walegeze.

Tukio ambalo huwa nawasimulia wachezaji wangu ni la Machi 4, 2021. Fulham walikuwa wanapigania kubaki ligini, wako nyuma 1-0 dhidi ya Tottenham. Davinson Sánchez alipiga mpira kuuondoa, ukamgonga Mario Lemina wa Fulham kwenye mkono uliokuwa umelala ubavuni, ukamfikia Josh Maja, akafunga. Bao likafutwa. Kesho yake, Machi 5, IFAB walikutana na kukubaliana kwamba mkono wa bahati mbaya wa mchezaji mmoja hautafuta tena bao la mwenzake. Kuanzia Julai mwaka huo, bao la Maja lingehesabiwa. Fulham walishuka daraja. Sidai kwamba bao moja lingewaokoa, lakini siku moja tu!

Tangu hapo sheria imeendelea kurudi nyuma kidogo kidogo, na nashukuru. Sasa refa anatakiwa apime kama mkono ulipokuwa unaendana na mwendo wa mwili katika tukio lile. Mwaka 2024 wakakubaliana pia kwamba beki anayezuia nafasi ya wazi ya bao kwa mkono bila kukusudia, ikatolewa penalti, apewe kadi ya njano badala ya nyekundu. Suárez angetoka tu, maana yeye alikusudia. Lakini sentensi moja imebaki mle ndani: kwamba mchezaji, kwa kuuweka mkono wake mahali fulani, anajiingiza kwenye hatari ya mpira kuugonga na yeye kuadhibiwa. Beki wangu wa kushoto hajawahi kuisoma sentensi hiyo. Ameielewa kwa mwili wake, na ndiyo maana anakimbia amejifunga mikono.

Jaribu mwenyewe. Simama, weka mikono mgongoni, ruka kama unayepiga kichwa. Kisha geuka ghafla kushoto. Utaona kwamba mikono ndiyo inayokupa mzani. Mwili wa beki aliyejifunga si mwili wa kawaida, na sheria inayotafuta mwili wa kawaida imemfundisha kuuacha.

Na bado maamuzi hayalingani. Kwenye Euro 2024, tarehe 29 Juni mjini Dortmund, Joachim Andersen wa Denmark aliguswa kidogo na mpira wa krosi kwenye vidole. Kifaa kilichomo ndani ya mpira kikatoa alama ya mguso, Ujerumani wakapata penalti, Kai Havertz akafunga. Siku sita baadaye, Stuttgart, Ujerumani hao hao walicheza robo fainali na Hispania. Shuti la Jamal Musiala lilikuwa linaelekea golini, likamgonga Marc Cucurella mkononi. Refa Anthony Taylor akapeta. Mikel Merino akafunga dakika ya 119, Ujerumani wakatolewa wakiwa nyumbani. Baadaye UEFA wenyewe walikiri kwamba ile ilipaswa kuwa penalti. Mguso wa vidole umeadhibiwa, shuti la kuelekea golini limeachwa. Mtoto akiniuliza tofauti ni nini, nitamwambia nini?

Maoni yangu, na nimeyafikiria kwa muda mrefu: neno makusudi lirudi mbele, na kwa mguso usiokusudiwa ambao haukuzuia shuti la kwenda golini, adhabu iwe mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Zaidi ya penalti 7 katika kila 10 huingia. Kumpa mtu karibu bao zima kwa krosi iliyokuwa inakwenda nje si kulinganisha kosa na adhabu.

Sasa fedha.

Mwaka 2017 Neymar alihama Barcelona kwenda Paris Saint-Germain kwa euro milioni 222, na soko halijawahi kurudi lilipokuwa. Barcelona, wakiwa na fedha mkononi na pengo uwanjani, wakamnunua Ousmane Dembélé wa Borussia Dortmund, miaka 20, kwa euro milioni 105 na nyongeza juu yake. Mbappé akaenda Paris akiwa na miaka 18, kwanza kwa mkopo, kisha kwa euro milioni 180. Mwaka 2019 Atlético Madrid wakalipa euro milioni 126 kumchukua João Félix kutoka Benfica. Alikuwa na miaka 19 na msimu mmoja tu wa mpira wa wakubwa.

Félix namwonea huruma ya kweli. Tangu hapo amepita Chelsea mara mbili, Barcelona kwa mkopo, Milan kwa mkopo, na sasa yuko Al-Nassr. Kila alipofika, bei ile ilitangulia kufika. Akipiga pasi nzuri, watu walisema ndiyo, kwa fedha ile. Akikosa, walisema hivyo hivyo. Hakuipanga yeye.

Dembélé ndiye aliyenirekebisha. Aliumia wiki chache tu baada ya kufika Barcelona, akaendelea kuumia mwaka baada ya mwaka, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwita hasara. Mei 2025 Paris Saint-Germain waliichapa Inter 5-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Désiré Doué mwenye miaka 19 akifunga mawili, na Septemba mwaka huo Dembélé akabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Alikuwa na miaka 28. Aliyenunuliwa akiwa 20 alihitaji miaka minane kukomaa, na hakuna klabu inayompa kinda miaka minane ya subira.

Kwa nini basi wananunuliwa wadogo hivi? Mapenzi ya vipaji yapo, siyakatai. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye vitabu vya hesabu. Klabu inapomnunua mchezaji, gharama yake haiandikwi yote mwaka ule. Hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Januari 2023 Chelsea walimchukua Enzo Fernández, miaka 22, kwa pauni milioni 106.8 na mkataba wa miaka minane na nusu. Gawanya: kitabuni ni kama milioni 12.6 kwa mwaka. Mkataba ungekuwa wa miaka mitano, ingekuwa zaidi ya milioni 21. Mchezaji wa miaka 30 huwezi kumfunga miaka minane, kijana unaweza. UEFA waliliona hilo, wakaweka kikomo cha miaka mitano katika kugawanya, na Ligi Kuu ya England ikafuata Desemba 2023.

Upande wa pili wa kitabu unauma zaidi. Mchezaji aliyelelewa na klabu yenyewe hana bei ya kununuliwa, hivyo akiuzwa, fedha yote inahesabiwa faida. Kwa hiyo klabu inayobanwa na kanuni zinazoweka kikomo cha hasara hupata nafuu kubwa zaidi kwa kumuuza mtoto wake wa nyumbani. Mwishoni mwa Juni 2024, siku za mwisho za mwaka wa hesabu, Newcastle walimuuza Elliot Anderson kwenda Nottingham Forest. Ni kijana wa pale pale, aliyeingia kwenye klabu ile akiwa mtoto mdogo. Hakuuzwa kwa kuwa hafai. Mwaka uliofuata alikuwa amevaa jezi ya timu ya taifa ya England. Siku zile zile Aston Villa na Everton walibadilishana vijana: Tim Iroegbunam huku, Lewis Dobbin kule. Tarehe ya kufunga hesabu ndiyo iliyoamua wapi wataamka Julai.

Nikiwaangalia watoto ninaowanoa, hilo ndilo linalonikosesha amani. Tunawaambia waipende jezi. Kisha wanakua na kugundua kwamba kulelewa na jezi hiyo ndiko kunakowafanya wawe wa kwanza kuuzwa.

Yapo mazuri, na ni haki kuyataja. Kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Ndiyo maana Vinícius Júnior, aliyekubaliwa na Real Madrid mwaka 2017 akiwa na miaka 16, alibaki Flamengo hadi alipofikisha 18. Na mchezaji akihama nchi kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo asilimia kwa kila mwaka wa malezi hadi 15, nusu asilimia kwa kila mwaka kuanzia 16. Kwenye uhamisho wa milioni 100, klabu ndogo iliyomfundisha mtoto mwaka mmoja tu akiwa na miaka 13 inastahili 250,000. Kwa klabu ndogo hiyo ni nyasi, ni mipira, ni mshahara wa makocha. Kwa muda mrefu fedha hizi zilipotea njiani kwa klabu kutojua haki yake, na tangu Novemba 2022 FIFA wana ofisi maalumu ya kuzikusanya na kuzigawa. Ningependa asilimia hiyo iongezwe. Sijaona sababu ya msingi ya kuiacha ilipo.

Turudi kwa beki wangu. Wiki mbili baada ya swali lake, mama yake alinipigia simu. Kuna mtu aliyejitambulisha kuwa wakala amekuwa akija kutazama mechi zetu, na amemwambia mtoto kwamba kuna klabu inafuatilia mabeki wa kushoto. Ametaja na viwango vya fedha. Kwa mtoto wa miaka 13! Nilimwomba mama asisaini karatasi yoyote, na nilimtafuta yule mtu, nikamwambia nasi tuna utaratibu wetu. Hakurudi.

Ndipo nikamwita kijana pembeni. Nilimuuliza kwa nini alianza kukimbia amefunga mikono, maana msimu uliopita hakuwa hivyo. Alichimba nyasi kwa kidole cha kiatu. "Yule mzee alikuwa anaangalia," akasema. "Nikisababisha penalti angeondoka."

Kwa hiyo halikuwa swali la sheria peke yake. Alikuwa ameshajifanyia hesabu: mpira mmoja mkononi, refa mmoja, basi. Nilikaa naye hadi wenzake wakaondoka. Nilimwambia kwamba kwenye mazoezi yetu, kuanzia siku ile, sitapuliza kipenga kwa mkono ambao haukukusudia. Na kwenye mechi, refa akitoa penalti kwa sababu yake, sitamtoa uwanjani na sitamwuliza chochote. "Mikono iache iende inakokwenda," nikamwambia. "Wewe tazama mpira na kiuno cha winga."

Penalti ilikuja kweli, kwenye mechi ya nne baada ya pale. Aliruka kupiga kichwa, mpira ukamkwaruza mkononi, refa akanyoosha kidole. Tukafungwa 2-1. Alinitazama kutoka katikati ya uwanja, nami nikampigia makofi, nikamwonyesha arudi kwenye nafasi yake.

Jumamosi iliyofuata alifika kabla yangu. Nilimkuta peke yake na mpira, anakimbia kando ya mstari, anageuka, anakimbia tena, mikono yote miwili ikiwa hewani.